Mama Aliomba Msaada: Waraka kwa Wachunguzi wa Mizuka

Kwa waheshimiwa wachunguzi wa mizuka, wa vyama vya kale vya London na wa vipindi vya televisheni vya Uingereza na Marekani,

Nimeshika kalamu niwaandikie jambo lililonikaa rohoni muda mrefu, na naomba mnisikilize kwa subira ileile mnayousikilizia ukuta saa nane za usiku.

Siwaandikii kuuliza kama mizuka ipo. Swali hilo mnalo tangu 1882, ilipoundwa Society for Psychical Research pale London, na wapinzani wenu wanalo tangu siku hizohizo. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu anayedai hakuna majini huambiwa arudi akaisome Kurani vizuri, na anayedai kila kishindo ni jini huambiwa apande darini akatazame panya. Tunaishi na yote mawili bila kugombana. Neno langu kwenu linamhusu mwanamke anayeishi ndani ya nyumba mnazozichunguza: yule aliyewaita, akawafungulia mlango, akawachemshia chai, na ambaye baada ya kazi yenu yote mara nyingi hubaki palepale mlipomkuta, au nyuma ya hapo.

Nimtaje mmoja mnayemfahamu nyote. Peggy Hodgson alikuwa ameachana na mumewe, analea watoto wanne peke yake katika nyumba ya halmashauri huko Enfield, kaskazini mwa London. Mwishoni mwa Agosti 1977, watoto wakiwa wamekwishapanda kitandani, alisikia mburuzo na vishindo chumbani mwao. Akaingia, akaona kabati la droo linasogea sakafuni. Alilisukuma kulirudisha mahali pake, likasogea tena. Aliposukuma mara ya pili, likagoma. Akawakusanya watoto akakimbilia kwa majirani. Jirani yake, fundi wa ujenzi, aliizunguka nyumba ndani na nje, na akasema alisikia ukuta ukigongwa na mlio huo ukimfuata kila anakokwenda. Wakaitwa polisi.

Askari mmoja wa kike, Carolyn Heeps, aliona kiti kikiteleza sakafuni futi tatu au nne bila mtu kukigusa. Alikikagua kama kimefungwa waya. Kisha akaweka goroli sakafuni aone kama itabiringika kufuata njia kilikopita kiti. Haikubiringika. Aliyaandika hayo katika taarifa yake na kutia saini. Baada ya hapo polisi wakamweleza Mama Hodgson kwamba hakuna sheria iliyovunjwa, kwa hiyo hawana la kufanya, wakaondoka. Taarifa ile ya askari mmeinukuu kwa miaka karibu hamsini kama ushahidi wa mzuka. Someni pia sehemu yake ya pili: mama mwenye watoto wanne, usiku, ameambiwa na dola kwamba tatizo lake halimo katika orodha ya matatizo.

Simu ikapigwa kwenye gazeti la Daily Mirror. Mwandishi na mpigapicha wakaja, na mpigapicha, Graham Morris, akapigwa juu ya jicho na kijitofali cha Lego kilichoruka chumbani. Gazeti likawatafuta nyinyi. Tarehe 5 Septemba 1977 Maurice Grosse akabisha hodi, na baadaye akaungana naye mwandishi Guy Lyon Playfair.

Hapa niwape haki yenu, na naitoa kwa moyo mkunjufu. Polisi waliondoka, Grosse alibaki. Alikuwa mvumbuzi na mfanyabiashara, mtu mwenye shughuli zake, lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja alikwenda Enfield usiku na mchana, bila malipo, akaketi sebuleni kwa mwanamke ambaye jiji zima lilikuwa linamwona ama mwongo ama mwehu. Alimsadiki. Kusadikiwa ni nusu ya dawa kwa mtu mwenye hofu, na ofisi nyingi zenye bajeti na magari zilishindwa kumpa Mama Hodgson hata hiyo nusu. Anayewacheka bila kulitaja hili hawatendei haki.

Sasa nije kwenye kilichofuata.

Mama Hodgson aliomba msaada. Mlikuja na vinasa sauti. Kanda zilijaa, moja juu ya nyingine, hata leo zinahesabiwa kuwa na zaidi ya saa 200 za sauti za familia hiyo: wakila, wakigombana, wakilia, wakitukana, wakipiga kelele usiku. Kamera iliyoweza kuwashwa kutoka mbali ikafungwa katika chumba walicholala wasichana. Picha maarufu za Janet, binti wa Mama Hodgson, akiwa hewani juu ya kitanda, amevaa nguo ya kulalia, mdomo wazi, zimetoka kwenye kamera hiyo. Janet alikuwa na umri wa miaka 11 mambo yalipoanza. Dunia nzima imeziona. Wanaoamini wanasema ameinuliwa, wasioamini wanasema ameruka, na mabishano hayo hayajakwisha. Mimi naomba mniambie kitu kimoja tu: ni nani kati yenu, katika vikao vyote, aliyesimama akasema kwamba chumba cha kulala cha binti wa miaka 11 si mahali pa kuweka kamera?

Ilipoanza sauti nzito ya kizee kutoka kwa Janet, mambo yalizidi. Binti alijazwa maji mdomoni, kisha mdomo ukafungwa kwa utepe wa gundi, ili ijulikane kama sauti itaendelea kutoka. Alifungwa kifaa shingoni kupima sauti inazalishwa wapi kooni. Mama yake aliridhia, mtanijibu. Naam, aliridhia. Mtu aliyekimbiwa na polisi na asiye na pengine pa kwenda huridhia mengi kwa mgeni wa mwisho aliyebaki. Ridhaa ya namna hiyo ilitakiwa iwafanye mkanyage polepole.

Na sauti yenyewe mliihoji vipi? Mliiuliza jina lake, imekufaje, iko wapi sasa. Ikajibu kwamba ni Bill, mzee aliyefia kwenye kiti ghorofa ya chini kwa kuvuja damu. Mkachunguza, mkapata kwamba kweli aliwahi kuishi humo mzee wa jina hilo na amefia humo, na jambo hilo likawa johari katika mkusanyo wenu. Muda wote huo aliyekuwa anakoroma matusi ya kiutu uzima kwa masaa alikuwa mwanafunzi aliyetakiwa kuamka asubuhi kwenda shule. Shuleni alichokozwa na kuitwa majina ya mizuka. Alikuja kulisimulia hilo ukubwani, kwa waandishi wa habari. Nimepitia mengi yaliyochapishwa juu ya Enfield, na maneno yanayomhusu Bill ni mengi kuliko yanayohusu siku za shule za Janet.

Nafahamu kwamba Grosse alikuwa na jeraha lake. Binti yake mwenyewe alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya Enfield, na naye aliitwa Janet. Sina jiwe la kumrushia baba aliyefiwa. Lakini chama chenye wasomi na hadhi, kinachomwacha mzazi mwenye msiba mbichi kwenye nyumba ambamo binti mwenye jina lilelile anazungumza kwa sauti ya marehemu, kilikuwa na wajibu wa kumweka kando kwa upole, au walau kumpa mwenzake wa kumtazama yeye. Kumwacha aende vile hakukuwa kumtendea wema Grosse, wala Janet.

Wapinzani wenu nao wasidhani waraka huu hauwahusu. Walipokuja Enfield, nao walikuja kwa ajili ya mzuka. Sauti haikupenda kutazamwa, kwa hiyo Anita Gregory, mtafiti wa chama chenu aliyekuwa na mashaka, alilazimika kusikiliza akiwa ameelekea mlangoni. Alikuwa na haki ya kushuku. Watoto walinaswa wakifanya hila, na mwaka 1980 Janet alikiri mbele ya kamera ya televisheni kwamba walifanya hila mara moja moja kuona kama Grosse na Playfair watawagundua, na kwamba waligunduliwa kila mara. Tangu hapo kambi mbili zinavutana juu ya asilimia: hila ni ngapi na ukweli ni ngapi. Mkivutana hivyo, wote mnaikosa habari iliyo wazi. Mtoto aliyeachwa na baba aliona kwamba nyumba ikitikisika, watu wazima wanajaa, wanamtazama, wanaandika kila neno analosema. Ikitulia, wanakunja waya zao wanaondoka. Mtoto yeyote angejifunza nini katika shule hiyo? Hata kama mzuka wa kwanza ulikuwa wa kweli, na silikatai hilo, mliujengea makao.

Mwaka 1978 Janet alipelekwa hospitali ya Maudsley akakaa wiki kadhaa akipimwa. Hakuonekana na kifafa wala ugonjwa wa akili. Baadaye mwaka huohuo padri alikwenda nyumbani kwao, na Janet mwenyewe alisema miaka mingi baadaye kwamba ujio huo ndio uliotuliza mambo. Katika maandishi yenu sehemu hiyo ni fupi. Mambo yakitulia, hamna cha kuandika.

Niruhusuni niwaeleze tunavyofanya kwetu. Pwani, mwanamke akishikwa na pepo, huitwa fundi wa pungwa. Udi na ubani hufukizwa, ngoma hupigwa, na wanawake wa mtaa hukesha naye wakiimba. Halali peke yake hata usiku mmoja. Pepo akipanda kichwani, fundi humuuliza mambo mawili: wewe nani, na unataka nini. Jina hupatikana upesi. Kinachochukua muda ni matakwa. Pepo hutaka doti ya kanga mpya, marashi ya waridi, pete ya fedha, sinia la halua na ndizi na mayai. Pengine hutaka mambo mazito zaidi: kiti wake, yaani mwanamke aliyemshika, asipigwe tena, mawifi wapunguze maneno, apelekwe kwao akamwone mama yake. Hayo husemwa mbele ya watu, na mume aliyeziba masikio mwaka mzima hulazimika kusikia akiwa amezungukwa na mashahidi. Vitu vinatafutwa, vinaletwa, vinahesabiwa. Sisemi tiba hii haina kasoro. Wapo waganga wanaofilisi nyumba za maskini, na masheikh wetu wengi wanaikataza kwa hoja nzito za dini. Lakini hakuna fundi hata mmoja, mwema au tapeli, anayemaliza usiku bila kuuliza mgonjwa anahitaji nini.

Na elimu hii haikuwa imefichwa Tanga. Mwaka 1957 mwanaanthropolojia Grace Harris alichapisha utafiti wake juu ya saka, pepo waliowashika wanawake wa Taita nchini Kenya, na akaeleza jinsi walivyotaka vitu ambavyo mwanamke hakuwa na njia rahisi ya kuvipata kwa mumewe. Mwaka 1971 I. M. Lewis alitoa kitabu chake Ecstatic Religion, akikusanya mifano ya Taita, ya Wasomali na ya kwingineko, na kuonyesha kwamba pepo wa aina hii huwashika zaidi watu ambao hawasikilizwi kwa njia nyingine, na wanawake ndio wengi wao. Lewis alikuwa akifundisha London School of Economics, katika jiji hilohilo ilimo Enfield. Mngepanda basi tu. Badala yake alifika msemaji wa midoli kusema kama koo la mtoto linadanganya.

Sisi tuna aibu yetu pia, na ni haki niitaje. Mwaka 1995 hofu ya pepo Popobawa ilipotapakaa Unguja na Pemba, watu walitoka nje wakalala pamoja uani na barazani, moto umewashwa, wakisimuliana waliyoyaona. Hapo walifanya vyema, maana mwenye hofu hakuachwa chumbani. Lakini katika hofu hiyohiyo kundi la watu lilimuua mtu aliyekuwa na maradhi ya akili, wakimshuku kuwa ndiye Popobawa. Kwa hiyo siwaandikii kama mtu wa nchi isiyokosea. Nawaandikia kama mtu wa nchi iliyoona kwamba mizuka inapotajwa, watu wenye mwili ndio wanaoumia.

Turudi kwenye ufundi wenu, maana mnapenda kuitwa wanasayansi. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari ya familia iliyohamia nyumba ya zamani ikaanza kusikia nyayo ghorofani, kuona watu wasiokuwepo, kuamka usiku imekabwa na jinamizi, watoto wamepauka na kuumwa kichwa. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ilikuwa inarudi ndani badala ya kupanda bombani. Tanuri likatengenezwa, na nyayo zikakoma. Mwaka 1998, katika jarida lenu wenyewe, mhandisi Vic Tandy alieleza jinsi alivyoona umbo la kijivu pembeni mwa jicho lake akiwa maabara, jasho la baridi likimtoka. Kesho yake alibana upanga wa mchezo kwenye jiliwa, ukaanza kutikisika wenyewe. Chanzo kilikuwa feni mpya ya kutolea hewa, iliyozalisha mtetemo wa takriban mizunguko 19 kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio husikia. Feni ikarekebishwa, na umbo halikurudi tena.

Habari hizi mbili nazipenda kuliko zote mlizonazo, kwa sababu kuna mtu aliyepona. Familia ile ililala. Kipima kaboni monoksidi siku hizi ni kifaa cha bei nafuu, kinauzwa dukani. Basi inakuwaje mnaingia nyumba ya mama anayelalamika kichwa na jinamizi, mnazima taa, mnauliza kama kuna roho yoyote inayotaka kuzungumza, kabla ya kufungua mlango wa kabati lenye boila? Fundi bomba angefaa kuwa mtu wa kwanza katika kundi lenu. Wa pili angekuwa daktari wa usingizi, kwa sababu watu wengi, wenye akili timamu kabisa, huamka wameganda mwili na kuhisi mtu amewakalia kifuani. Waswahili tunalijua jinamizi hilo tangu utotoni, na bibi hutufundisha kulala ubavu.

Vipindi vya televisheni vimefanya ubaya huu kuwa biashara ya kila wiki. Tangu Most Haunted ilipoanza Uingereza mwaka 2002 na Ghost Hunters Marekani mwaka 2004, mpango wa kipindi umekuwa uleule kwa wengi wenu. Mwenye nyumba anahojiwa, anaonyesha chumba kinachomtisha. Usiku mnatembea gizani na taa za kijani mkishtuana. Kisha anaketishwa mezani, mnamvalisha visikizio, mnamchezea kipande cha sauti ya mkwaruzo, na mnamwambia mkwaruzo huo unasema ondoka. Kamera inausogelea uso wake. Analia. Mnamkumbatia, mnampa mkono, mnapakia masanduku. Yeye ana mkopo wa nyumba wa miaka mingi, ana watoto, hana pa kuhamia. Aliingia usiku huo akiwa na mashaka, mkamwachia uhakika wa kutisha, naye ndiye anayelala humo. Samahani kwa kusema hivi mbele za watu, lakini huo ni ukatili, hata ukifanywa na watu wenye sauti za upole.

Wala haukuanza na televisheni. Mwaka 1929 familia ya kasisi wa Borley, kule Essex, iliandikia Daily Mirror ikiomba iunganishwe na chama chenu, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa na visa. Gazeti ni lilelile, miaka 48 kabla ya Enfield. Lilimpeleka mwandishi wake pamoja na mchunguzi wa mizuka Harry Price, na familia ikapata wageni wengi wa kutazama nyumba kuliko ilivyoweza kustahimili. Wakahama. Waliofuata walikuwa kasisi Lionel Foyster na mkewe kijana, Marianne. Kutani yakaanza kuonekana maandishi ya penseli yanayomtaja Marianne kwa jina na kuomba msaada. Price alifika 1931 akamshuku Marianne mwenyewe. Mwaka 1937 aliikodi nyumba kwa mwaka mzima na kuwajaza humo watazamaji aliowatafuta kwa tangazo gazetini. Mwaka 1939 ikaungua. Mwaka 1940 kitabu chake kikatoka na kuuzwa vizuri. Watu wa chama chenu wakarudi mwaka 1956 na ripoti ya kumsuta Price. Miaka 25 ya kubishana mwandiko ni wa nani. Kama ni wa mzuka au ni wa Marianne, ukuta ulikuwa umeandikwa kwamba katika nyumba hii kuna anayeomba msaada. Hilo lilisomeka bila mtaalamu wa miandiko.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ed na Lorraine Warren, wachunguzi wa mizuka wa Connecticut, walipita Enfield mwaka 1978. Playfair alisimulia kwamba walifika bila kualikwa, hawakukaa zaidi ya siku moja, na Ed alimwambia kuna pesa nyingi za kupatikana hapo. Mwaka 2016 filamu ya The Conjuring 2 iliwafanya wao kuwa waokozi wa familia ya Hodgson, na iliingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani. Mwaka 2015 palikuwa na tamthilia ya televisheni, 2019 kitabu kizima juu ya kanda zile, 2023 mfululizo wa Apple ambamo waigizaji walichezesha midomo kufuata sauti halisi za Mama Hodgson na wanawe, kisha mchezo wa jukwaani London. Mama Hodgson alifariki 2003. Aliishi katika nyumba ileile ya halmashauri mpaka mwisho wake. Hasira yangu haiko kwa waigizaji. Nawauliza nyinyi mliokabidhiwa kanda: mtu aliyewaruhusu kurekodi usiku mbaya kuliko wote maishani mwake, kwa kuwa mlimwambia ni kwa ajili ya kumsaidia, anaacha lini kuwa mgonjwa wenu na kuanza kuwa mali yenu?

Mtaniambia kwamba mambo yamebadilika, kwamba siku hizi mna semina na fomu za ridhaa. Nitafurahi sana ikiwa ni hivyo. Fomu za ridhaa nazijua, tunazo pia hospitalini kwetu, na mara nyingi zinamlinda anayezichapisha. Ninachowaomba ni kitu kingine, na kinaweza kuanza na simu ijayo itakayowaita usiku. Kabla ya kuuliza ameona nini, muulizeni mama huyo leo analala wapi na analala na nani. Kama hana mtu, tafuteni mtu: dada yake, jirani, mama mchungaji, yeyote anayeweza kukaa naye bila kuandika chochote. Fundi wa boila na umeme aingie kabla ya kinasa sauti. Muulizeni amepatana vipi na mtalaka wake, kodi imelipwa mpaka lini, mtoto gani halali vizuri na tangu lini. Watoto msiwapime kwa lolote. Mkiona kwamba kuwepo kwenu ndiko kunakowasha moto, ondokeni, hata kama usiku huo ndio mliousubiri maisha yenu yote. Hilo la mwisho najua ni gumu. Grosse hakuliweza, naye alikuwa mtu mwema kuliko wengi waliomfuata.

Nami sitasubiri mkubaliane kwanza kama kilichosukuma lile kabati kilikuwa mkono wa mtoto au kitu kisichoonekana. Mnaweza kuendelea kulichunguza hilo, ni haki yenu, na huenda siku moja mkapata jibu ambalo litatushangaza sote.

Kwa leo naomba mambo mawili, na nitashukuru kupata majibu kwa maandishi. Kwanza, nakala ya kanuni zenu kuhusu watoto, kamera za vyumbani, na nani ana haki ya kuzifuta kanda. Pili, kama kanuni hizo hazina kifungu kinachompa mwenye nyumba uwezo wa kusimamisha kazi usiku wowote, bila kutoa sababu, na kubaki na kila kilichorekodiwa, kiandikeni kabla ya kwenda nyumba nyingine.

Wasalaam,

Msomaji wenu wa miaka mingi, Tanga